Nyuzi Tatu kwa Ajili ya Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei

Goti la mama mkwe limegoma kupanda ngazi. Daktari kasema asiishi tena peke yake ghorofani. Ana mabinti wawili, kwa hiyo nyumba ni mbili: yetu, na ya mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada mkubwa wa mke wangu. Jumapili mama atakula kwetu chakula cha mchana, sote tukiwepo, na hapo atatuambia anahamia wapi.

Mke wangu anamtaka mama yake mno. Ameshahamisha marobota yangu ya vitambaa kutoka chumba cha nyuma, ametandika kitanda, ametundika pazia. Kaniomba jambo moja tu: nisifanye lolote. Nikamwambia aondoe wasiwasi. Wasiwasi ukamzidi.

Mwanyumba ni mwalimu wa udereva. Ana gitaa la dukani, nyuzi sita, na mfuko wake wa zipu. Jumapili atalileta, namjua. Siwezi kukaa mikono mitupu mtu akinipora mkwe mchana kweupe. Marehemu baba mkwe alikuwa na gitaa la nyuzi tatu alilojitengenezea mwenyewe. Lipo kwenye picha ya harusi yao. Nitatengeneza kama lile, nijifunze wimbo mmoja, mama adondoshe chozi, kazi iishe. Siku sita zinatosha. Suti nzima naishona kwa nne.

Jumanne, 7 Mei

Gitaa tayari! Tumbo ni kopo la biskuti. Shingo ni mita yangu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Nyuzi nimezichambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Mistari ya shingoni, pale vidole vinapobonyeza, nimeipima kwa umakini: kila sentimita tatu, toka kichwani hadi kwenye kopo. Imepangana kama vifungo vya shati. Miaka ishirini na miwili kwenye cherehani haikwenda bure.

Mteja aliyefuata sketi yake aliuliza kama ni mtego wa panya. Sketi nimempa bila kuipiga pasi.

Jumatano, 8 Mei

Vidole vinawaka moto. Nimegundua kwamba gitaa halijifundishi lenyewe. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliwahi kupiga kwenye bendi ya maharusi, basi nikampelekea suruali yake niliyoipunguza kiuno, gitaa nikiwa nalo kwapani kama bahati tu. Akakubali kunifundisha kati ya kichwa na kichwa.

Somo limeharibiwa na neno moja. Kila akiniambia niende juu, napeleka mkono juu, kwenye kichwa cha gitaa, na sauti inashuka. Kumbe juu yake yeye ni kule kwenye kopo. Nikamweleza kwa upole kwamba kopo liko chini, kila mtu analiona. Akasema juu ni sauti. Nikasema basi aseme sauti. Aliyekuwa na povu kidevuni akaomba aruhusiwe kurudi baadaye.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeshakubali kwamba juu ni chini. Hata hivyo wimbo unatoka kama mbuzi anayeburutwa. Nikamwambia kinyozi sikio lake limechoshwa na mashine za kunyolea. Akachukua gitaa akapiga mwenyewe, na mbuzi akawa yuleyule. Akalitazama shingoni, akauliza nani kapima. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mimi.

Alicheka mpaka akaweka wembe chini. Anadai mistari haitakiwi kulingana: inaanza ikiwa mbalimbali, kisha inabanana kadiri inavyokaribia kopo. Niing'oe yote, nipime upya kwa sikio. Kwa sikio! Nimemweleza kwamba katika fani yangu, vifungo vikipangwa hivyo nguo inarudishwa na fundi anasemwa mtaa mzima. Sing'oi kitu. Sentimita tatu ni sentimita tatu. Wimbo ndio utakaorekebishwa ulifuate gitaa, kama nguo inavyoufuata mwili.

Ijumaa, 10 Mei

Mkakati wa akiba. Nimempigia simu mwanyumba na kumdokezea, kwa wema tu, kwamba siku hizi kelele zinamuumiza mama kichwa, gitaa bora aliache nyumbani. Alishukuru sana. Akasema atalileta ila atapiga polepole, maana kwake hupiga kila jioni na itabidi mama azoee. Mtu huyu haambiliki.

Mke wangu kanikuta chumba cha nyuma nikifanya mazoezi. Akakaa kitandani, kwenye shuka mpya. Akasema aliondoka kwao akiwa na miaka kumi na saba kwenda kusoma, na tangu hapo anamjua mama yake kama mgeni tu, wa kupokelewa na kusindikizwa. Anataka kumpelekea chai asubuhi, na jioni asilazimike kumuaga. Basi, hilo tu. Akasema ananiomba tena.

Nampenda mke wangu, na sikujua kama jambo hili lilimkaa moyoni kiasi hicho. Nikaongeza saa mbili za mazoezi.

Jumapili, 12 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Baada ya kula, mwanyumba akafungua zipu. Nyimbo nne. Sina budi kusema alipiga vizuri, tena macho kafumba. Akamwahidi mama kwamba akihamia kwao atampigia hivyo kila jioni. Shemeji akapiga makofi. Mama akatikisa kichwa taratibu.

Ikawa zamu yangu. Mke wangu alinivuta mkono chini ya meza. Nilisimama hivyohivyo. Uzi wa kwanza ulikatika nilipougusa. Wa pili ulikatika ukanichapa shavu. Wa tatu haukukatika, ila uliivuta mita hadi ikapasuka, na kopo likabiringika mpaka miguuni pa mama. Mwanyumba akakohoa ndani ya leso. Mke wangu alikuwa anatazama sakafu. Niliona haya, haya ya kweli, ya kutamani kuingia kabatini na kujifungia.

Mama aliliokota kopo. Akauliza kama limekufa kabisa. Nikasema kabisa. Akauliza kama linatengenezeka. Nikasema mita imepasuka kuanzia sentimita ya sitini, haifai hata kuni. Akauliza kama nina lingine. Nikainamisha kichwa, nikasema sina.

Akasema atahamia kwetu.

Mke wangu alimkumbatia akalia kama mtoto. Mimi pia nililia, shavu likiwa bado linaniuma.

Jumatatu, 13 Mei

Mke wangu anaimba jikoni tangu alfajiri. Amenieleza alichoambiwa na mama yake walipokuwa wakiosha vyombo. Eti mama ameishi na gitaa miaka arobaini na mmoja. Mumewe, Mungu amrehemu, mama alimpenda, ila gitaa lake hakulipenda hata siku moja, na jioni zote hizo hakuwahi kumaliza wazo lake moja kichwani. Kwa dada mtu kuna gitaa zima. Kwetu kuna gitaa lililokufa na mpigaji asiye na dalili za kupona.

Mwingine angeyachukua maneno hayo juujuu. Mimi ninamwelewa mama mkwe. Mjane mwenye heshima zake hawezi kusema wazi kwamba muziki wangu umemgusa, hasa mbele ya mwanyumba aliyejitahidi vile. Ndiyo maana aliuliza mara tatu habari za gitaa. Nani huuliza mara tatu kitu asichokitaka?

Nimeshanunua mita mpya na kopo kubwa zaidi. Safari hii nyuzi nne. Mama anahamia Jumamosi, na mke wangu sijamwambia, nataka wote wawili washtuke kwa furaha. Nitampigia kila jioni, saa moja hadi saa tatu, asije akajutia alichokikosa kwa mwanyumba.