Maji ya Baraka Yaliyoua Breki Zangu

Chuwapata, Jumatatu asubuhi

Kwa Padre Anselmo Iturralde,
Parokia ya Mtakatifu Kristofa.
Nakala: Mhashamu Baba Askofu.

Padre wangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, ingawa kwa hali ya breki zangu siku hizi namsifu huku nimeshikilia mlango wa gari, tayari kuruka.

Mimi ni Eulogia Chambilla, mjane, muuza jibini, yule mama wa benchi la tatu ambaye kila Pasaka hukuletea jibini na hujawahi kumrudishia sahani. Lakini leo siandiki habari za sahani. Naandika habari za gari langu, Florinda, ulilolibariki kwa mkono wako mbele ya kanisa mwezi uliopita, likiwa limevikwa maua na bendera na kurushiwa vipande vya karatasi za rangi, na ambalo tangu siku hiyo halisimami likitakiwa kusimama wala haliondoki likitakiwa kuondoka.

Gari hilo unalijua. Lilizaliwa Japani usukani ukiwa kulia, likavuka bahari na jangwa, na huku kwetu mafundi wakauhamishia kushoto pamoja na pedali zake, kama yalivyofanyiwa magari yote ya mtaa huu. Watu wanasema eti kuhamisha usukani ndiko kunakoharibu gari. Basi niwaambie, Florinda alikaa kwangu miezi mitano bila kubarikiwa. Miezi mitano ya dhambi, Padre, na breki zikishika vizuri kabisa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya pili baada ya baraka, nikiteremka Korongo la Mbweha na jibini sitini nyuma, pedali ya breki ilizama mpaka chini. Nilipampu mara tano ndipo ikashika, palepale kwenye kona yenye ile misalaba uliyoisimamisha wewe mwenyewe. Jibini zote zilihamia kiti cha mbele.

2. Klachi nayo ikaiga. Ukiikanyaga inabaki chini, hairudi, mpaka niinue kwa ncha ya kiatu. Mwanamke wa umri wangu, mwenye sketi tano mwilini, hawezi kuinua pedali kwa mguu mbele za watu asisemwe. Nimesemwa.

3. Fundi Rufino Limachi, ambaye hajawahi kunidanganya isipokuwa kuhusu siku ya kumaliza kazi, alibadilisha pedi na kutoa upepo kwenye mabomba. Florinda akatulia kama mtoto wa shule ya masista. Nikafungua bia, tukashukuru, Mama Ardhi, ambaye kwetu humwagiwa kinywaji kabla ya mtu kunywa, akapata fungu lake kwanza kama ilivyo ada, na kesho yake pedali ikazama. Akabadilisha masta silinda, ile pampu ya breki. Gari likapona, tukashukuru, kesho yake pedali chini. Mara ya tatu akabadilisha silinda ya klachi. Nikaona labda shukrani zetu zilikuwa haba, nikafungua chupa mbili. Safari hiyo gari halikufika hata langoni. Fundi aliketi juu ya tairi akaniambia, "Mama Eulogia, mimi na magari ni miaka ishirini. Hili likiwa mkononi mwangu linapona, likifika mkononi mwako linaugua. Sasa unataka niseme nini?" Nilimwambia asiseme kitu, atafute.

4. Juzi Jumamosi akatafuta. Alichota mafuta ya breki kwenye kile kikopo kilicho karibu na injini, akayatazama juani. "Mama, humu mna maji," akasema. "Mafuta haya yakiingia maji, ukiteremka yakapata moto yanachemka, na mguu wako unakanyaga mvuke mtupu. Na kikopo ni hikihiki kimoja, kinalisha breki na klachi, ndiyo maana zinaugua pamoja. Haya, nani kaweka maji?" Nikakaa nikawaza. Padre, katika maisha yote ya Florinda ni mtu mmoja tu aliyewahi kusimama mbele ya boneti iliyo wazi akiwa na ndoo ya maji na fagio la kunyunyizia. Mtu huyo alivaa joho.

5. Tena ulizidisha. Gari la mbele yangu lilipata matone matatu. Langu ulilimwagia kama unazima moto. Ikiwa ni mapenzi, naomba unipende kwa kiasi.

6. Kwa hiyo limebaki swali la imani. Ama maji yale hayakuwa ya baraka, na hapo umetubarikia magari yetu kwa maji ya bomba; ama yalikuwa ya baraka kweli, na hapo Mwenyezi Mungu ameziona breki zangu akazikataa. Chagua moja, uniandikie, nimpelekee fundi.

Ninachoomba si kikubwa. Usisogelee boneti ya mtu mpaka ufanye mtihani kwa Fundi Rufino. Baraka zako ziwe na dhamana ya miezi sita, kama betri. Na Alhamisi hii, siku ya soko, ukae kiti cha mbele tuteremke Korongo la Mbweha mimi na wewe, na joho lako, bila ndoo. Nisipofika sokoni Alhamisi jibini zinaharibika na mimi sina kazi nyingine. Kwa Baba Askofu nimependekeza uondolewe kabisa kwenye kubariki vyombo vya moto, ubaki na watoto wachanga, ambao hawana boneti.

Nisalimie masista wote, mpiga kengele, na yule mbwa wa sakristia.

Wako katika Kristo na katika gia ya kwanza,

Eulogia Chambilla

Baada ya sahihi: Fundi Rufino ameingia sasa hivi na kikopo mkononi. Amekinusa, kisha akanipa nami ninuse. Akamimina yaliyomo kwenye sahani, na chini kabisa kulikuwa na vipande vya karatasi za rangi, zilezile nilizomrushia Florinda siku ya baraka. "Mama Eulogia," ameniuliza polepole, "hilo fungu la Mama Ardhi huwa unalimwaga wapi?" Nikamwonyesha. Kifuniko cha kikopo kilipotea walipohamisha usukani, mdomo ukafunikwa kitambaa tu, nami nilipofunua siku ya baraka nikaona kidomo kimekaa wazi, nikadhani mafundi wamekiweka kwa kazi hiyo. Tangu siku hiyo kila tukishukuru, fundi akiwa anaosha mikono, nimemnywesha Mama Ardhi bia yake humo. Fundi hajacheka. Amevua kofia, akaketi.

Nina aibu mpaka masikioni, Padre. Ningeichana barua hii, ila nakala ya Baba Askofu imeondoka leo alfajiri na Justa, mama wa ubatizo wa binti yangu, na ni haki yako ujue kitakachosomwa. Justa huuza mayai njia nzima, kwa hiyo hafiki mjini kabla ya keshokutwa. Gari pekee hapa Chuwapata la kumuwahi tuichukue barua ni langu, na fundi ameapa kesho asubuhi litakuwa tayari. Kiti cha mbele ni chako kama nilivyoandika, ila tunateremka kesho, si Alhamisi. Njoo na ndoo yako, unyunyize kadiri upendavyo, boneti nitaifunga. Bia sitabeba.