Pweza Mwenye Uti wa Mgongo

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata ukuta! Ukuta wa nje wa darasa la sita, wote. Mwalimu mkuu anataka wanyama wenye uti wa mgongo, makundi matano, na jinsi walivyotokana tangu enzi hizo. Akaniuliza kama mambo hayo nayajua. Nikamwambia: mama, mimi nimetembea, nimekula chumvi, wanyama hao nawachora kila siku. Kweli tupu. Ng'ombe anayecheka juu ya kila bucha mjini ni mkono wangu.

Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu. Ana mashine ya kuchapa mabango ya plastiki, na tangu aipate anatembea kifua mbele kama jogoo. Alishafika pale kabla yangu, akapima ukuta mpaka kwenye nguzo, akatosheka. Mwalimu mkuu hakuficha: nikikosea, Jumamosi wazazi watakuta bango la shemeji juu ya kazi yangu, na kuta zote zilizobaki atapewa yeye. Shemeji akanifariji kwamba nisihofu njaa, atanichukua nimshikie ngazi. Mke wangu alicheka. Nilimwona.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapanga kwa akili. Wa buchani: ng'ombe, mbuzi, sungura. Wa duka la samaki: changu, papa, nyangumi. Wa bandani: kuku, bata, na popo kwa sababu ya mabawa. Wasiouzika: chura, nyoka, mamba. La tano nikamweka binadamu peke yake, kwa heshima.

Akapita mwalimu wa sayansi. Kijana mwembamba, tunamwita Miwani. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hali haikubadilika. Akasifu rangi. Kisha akaanza kunivuruga: eti nyangumi ananyonyesha, kwa hiyo ni mamalia, mwenzake ng'ombe. Popo naye mamalia. Nikauliza na mimi je? Akasema hata mimi. Basi ng'ombe, popo, nyangumi na mimi nyumba moja, tena mimi ndiye mgeni wao. Chura na nyoka, niliowapa chumba kimoja, ndio wa kutenganishwa: mmoja amfibia, mwingine reptilia. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta nusu ya ukuta. Nikamwomba Miwani anieleze ukoo wao kwa lugha ya nyumbani. Akasema waliotangulia ni samaki. Baadhi yao walikuwa na mapezi yenye mifupa imara, vizazi na vizazi yakawa miguu, ndipo wakatoka majini. Uzao wao ukagawanyika. Tawi moja likabaki na mayai laini ya majini, ndio vyura. Lingine likapata mayai ya kustahimili nchi kavu, nalo likagawanyika tena: huku mamalia, huku reptilia, na ndani ya reptilia wakachomoza ndege.

Nikauliza, kwa hiyo samaki ni babu yangu, na jana nimemkaanga? Akasema hapana, huyo wa jana ni binamu. Babu yetu, mimi na huyo binamu, alikufa zamani mno. Nikauliza kaburi liko wapi. Akajibu: kwenye mawe. Hakuwa anatania.

Halafu akanimaliza. Kuku na mamba wana udugu wa karibu kuliko mamba na mjusi. Nikaketi juu ya kopo la rangi. Lilikuwa wazi.

Alhamisi, 6 Machi

Ukoo nimeuchora kama foleni, kila mnyama akimsukuma mwenzake, binadamu mbele na mkoba. Miwani akasema ukoo si foleni, ni mti. Nikaufanya mti. Akauona, akakubali, akaniagiza jambo moja tu: kila mnyama apitishiwe mstari mweupe mgongoni, watoto wauone uti.

Alipoondoka nikaona kipande baada ya nguzo ni kitupu. Kwa fundi hiyo ni aibu. Rafiki yangu muuza samaki ananiomba siku zote nimchoree pweza, basi nikamchora. Macho ya huruma, mikono minane. Kisha mistari: ng'ombe, kuku, chura, bila shida. Pweza akanisumbua, mgongo wake sikuona unaanzia wapi. Nikampa uti mmoja mkubwa na vidogo vinane, kila mkono na wake. Asije akasema nimemdhulumu.

Ijumaa, 7 Machi

Miwani amemwona pweza. Akasema kiumbe huyu hana mfupa hata mmoja. Nikamwambia ndiyo maana nimemsaidia. Akaitwa mwalimu mkuu. Hakupandisha sauti, heri angepandisha. Bango linatundikwa kesho.

Mke wangu leo hakucheka. Aliniwekea chai, akakaa karibu yangu. Hiyo ilinichoma zaidi.

Nimeificha ngazi ya shule nyuma ya tangi la maji. Tuone kama shemeji atapanda kwa mabawa.

Jumamosi, 8 Machi

Alipanda kwa madawati, moja juu ya jingine. Nikakaa pembeni kusubiri raha yangu. Madawati yakayumba. Akaniita kwa sauti nyembamba: shemeji, nakwisha. Ningefanyaje? Ni mjomba wa wanangu. Nikamkumbatia miguu, nikamshikilia mpaka akapigilia msumari wa mwisho. Juu ya kazi yangu!

Wazazi wakaja. Bango halikuwa na kosa, na maandishi yake madogo wakayatazama kama tangazo la kukatika maji. Lakini bango liliishia kwenye nguzo. Ng'ambo ya nguzo, pweza. Watoto wakamzonga kama nzi. Binti mmoja alikuwa akimweleza baba yake kwamba fundi kachemka, pweza hana uti, baba jishike mgongoni uone wako. Baba akajishika. Punde kila mzazi anajipapasa mgongo, na mlinzi wa geti pia.

Miwani akamwambia mwalimu mkuu kwamba amehubiri uti muhula mzima, na leo ndiyo wameuelewa. Mwalimu mkuu akakata shauri: pweza anabaki. Na ukuta unaofuata ni wangu: wanyama wasio na uti wa mgongo. Shemeji atanishikia ngazi, nikishakumbuka iko wapi. Miwani akanisisitizia kama anayemwambia mtoto: wasio na uti, fundi, mstari mweupe hapana. Nimesikia, nikamwambia, mimi si mgeni wa mambo haya.

Nimeshaanza mchoro mezani. Wa kwanza ni nyoka. Anavyojikunja vile, mfupa angeuweka wapi?