Ombi la Kuzihamishia Mbio Muthaiga

Mbotela, Nairobi
9 Agosti 1981

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mbio za Harambee,

Baada ya heshima unazostahili na nyingine za ziada, mimi ni Zubeiri Jumbe, yule mrefu aliyejiandikisha wa kwanza kukimbia kutoka Athi River hadi Shauri Moyo, kupitia hapa kwetu Mbotela. Kama hunijui, uliza stesheni yoyote ya reli baina ya Mombasa na Tororo. Nilifagia mabehewa huko mpaka nikaijua dunia. Shule niliiacha darasa la sita, nilipoona imebaki nyuma yangu.

Unajua ninamkimbilia nani. Jirani yangu Bi Shamsia miguu ilimkataa tangu mwaka juzi, na wafadhili wameahidi kuchangia kila maili nitakayoimaliza, ili anunuliwe kiti cha magurudumu. Nikiishia njiani, kiti nacho kinaishia njiani. Mbio naziweza. Nisiowaweza ni watu wa Mbotela, kama ifuatavyo:

1. Salamu. Mtu aliyelelewa hampiti mzee mbio kama mwizi wa nguo kambani. Nikitoka tu kufanya mazoezi, Mzee Mahmud yuko mlangoni kwake. Lazima nisimame, nimpe mkono, niulizwe habari za mama, za nyumbani, na za shangazi wa Lamu ambaye mimi mwenyewe simfahamu. Nikimaliza, jasho limekauka, na jirani wa pili ameshatoa mkono.

2. Chakula. Mama Aoko, mtu wa Siaya, haamini kwamba mtu mzima anaweza kukimbia bila shida inayomkimbiza. Ameamua kuwa nina njaa ila naona haya kusema. Hunikalisha mbele ya ugali na samaki, na pale hainuki mtu kabla sahani haijaonyesha uso. Juzi nilijaribu kukimbia baada ya hapo. Samaki alikuwa bado anaogelea.

3. Bukta. Ile mliyonigawia inaishia pale adabu inapoanzia. Mama mkwe wangu, Bi Batulo, anauza mahamri kwenye kona ya Jogoo Road. Nimpite na mapaja nje, nikalale nyumba ya nani? Basi nikikaribia hapo hujifunga kikoi, na mtu ndani ya kikoi hukimbia kama kuku aliyefungwa miguu.

4. Jeneza. Jumatano nilikutana nalo. Muislamu haachi jeneza lipite bila kutia bega, hata hatua chache. Nikatia bega. Kila nilipogeuka nipokewe, nilisikia wakiambiana niachwe, Zubeiri yuko mazoezini. Nililibeba mpaka makaburini Kariokor, na kikoi changu, na namba yenu kifuani.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mbio zihamishiwe Muthaiga, kwa matajiri. Huko wenye nyumba wamejificha nyuma ya maua, na anayesalimia ni mbwa peke yake, tena hana haja na habari za shangazi. Kama haiwezekani, kamati itoe amri watu wote wa Mbotela wafungiwe ndani siku hiyo, madirisha pia. Hilo nalo likishindikana, wapelekeni wao Muthaiga, mimi mniache hapa nikimbie.

Nisalimie kamati nzima, karani wako Nahashon na kikohozi chake, mkeo, watoto, wakwe wa pande zote mbili, na yeyote atakayekuwa mezani barua hii ikifika.

Wako mtiifu mwenye pumzi,
Zubeiri Jumbe

Nyongeza: Nimemsomea Bi Shamsia barua hii nikitegemea sifa. Akasema, "Zubeiri mwanangu, kiti nitakikalia miaka. Hizo mbio zinapita mlangoni kwangu siku moja tu. Ukizipeleka Muthaiga, mimi nitazionea wapi?" Nikachukua kalamu tena, mimi niliyefika Tororo.

Basi, Mwenyekiti, futa yote hapo juu. Njia ipite kichochoroni mwetu, mbele ya mlango wake wenye pazia la kijani. Wengine wapite mbio. Mimi nitasimama nimpe mkono, nimuulize habari zake, naye aniulize zangu, na yule mama ana maswali. Naomba tu ule utepe wa mwisho msiukunje mapema.