Mawingu Mapya ya Kapteni

Shemeji alikuwa ameegemea kaunta ya duka la fundi kompyuta, akila karanga za fundi bila kukaribishwa, aliposikia mteja akiulizia mawingu.

Mteja hakutaka waya wala chaja. "Mawingu," mzee yule alirudia, akavua kofia kwa adabu kama aliyeingia ofisini. "Ninayo ya zamani, lakini yamechakaa. Siku hizi yanafanana na godoro lililolowa."

Fundi alikuwa mkweli, na kwa hiyo hakuwa na fedha. Alifungua mdomo kueleza kwamba mawingu ya kwenye kompyuta hayachakai. Shemeji akamkanyaga mguu.

"Shemeji yangu," alimwambia mzee, "umefika mahali penyewe."

Hilo ndilo lililompa jina. Yeye alimwita kila mwanaume shemeji, ingawa hakuwa na mke, na dada hakuwahi kuwa naye. Watu hupenda kuwa ndugu wa mtu, na mpaka wamalize kujiuliza undugu wenyewe umeanzia wapi, Shemeji anakuwa ameshafika kona ya pili na fedha zao.

Mzee akaeleza shida yake. Kwa miaka thelathini alikuwa dereva wa lori la mafuta uwanja wa ndege. Alizijaza ndege mafuta, akazitakia safari njema, akarudi kuegesha lori. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Alipostaafu alichukua chumba cha nyuma, akafunga skrini tatu, usukani na pedali, akaweka kiti cha lile lori lake, na sasa kila asubuhi baada ya chai alirusha ndege za kwenye kompyuta. Majirani walimwita Kapteni, kwanza kwa mzaha, baadaye kwa mazoea. Lakini tangu miezi miwili iliyopita mawingu yake yalikuwa yameharibika.

"Yamepoteza kingo," alisema kwa huzuni. "Wingu zuri lina kingo."

Kuhusu mawingu, Shemeji alijua tu kwamba yakiwa mengi mtu huanua nguo. Ila uso wa mtu anayetamani kitu aliujua vizuri sana.

"Unataka ya kupita tu, au ya kukaa?"

"Kuna ya kukaa?"

"Shemeji! Kuna ya kupita, kuna ya kukaa, kuna ya mvua, na kuna ya moja kwa moja. Hayo ya moja kwa moja, mvua ikinyesha nje, na ndani ya mashine inanyesha. Lakini hayo si ya mtu wa kuanza. Tusikimbilie."

Hakuna kinachomharakisha mnunuzi kama kuambiwa asikimbilie.

Kesho yake Shemeji alikaa kwenye kile kiti cha lori. Kapteni alimwekea feni karibu, kisha akatoka nje na kufunga mlango, kwa sababu alijua fundi hapendi kusimamiwa. Ulikuwa wema wa kweli, na Shemeji aliutumia wote. Alipiga miluzi kwa nusu saa. Alifungua sehemu ya mawingu, akaiangalia, akaifunga kama ilivyokuwa. Mwisho akaongeza buluu kidogo angani, ili dhamiri yake isimsumbue kwamba hakufanya kazi.

"Tayari, Kapteni."

Mzee aliingia, akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. 

"Afadhali," alisema. Kisha, asije akamvunja moyo mtu aliyehangaika kwenye joto, akaongeza, "Afadhali kubwa."

Hapa inafaa kusema jambo ambalo mtaa mzima ulilijua isipokuwa Shemeji. Daktari alikuwa amemwambia Kapteni kwamba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na amempangia kufanyiwa upasuaji siku ya Alhamisi. Fedha za upasuaji zilikuwa kabatini, kwenye bahasha, katikati ya mablanketi. Lakini Kapteni aliamini madaktari hutia chumvi. Macho yake, alisema, ni mazima. Kilichoharibika ni mawingu. Basi alikuwa akichota fedha za macho ili anunue vitu ambavyo macho hayo hayakuweza kuviona.

Yakafuata mawingu ya mvua. Yakafuata ya moja kwa moja. Yalipokwisha kufungwa haya, bahasha ilikuwa imelala bapa kati ya mablanketi.

Mkewe hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake aliyeteguka nyonga, na alirudi Jumamosi, siku tano kabla ya upasuaji. Waliomjua kazini walimwita Mama Utabiri. Kwenye uwanja uleule wa ndege alikuwa mpimaji wa hali ya hewa: kila ilipobaki dakika kumi saa kutimia, kwa mvua au kwa jua, alitoka nje, akatazama juu, akagawa anga mafungu manane, akaandika mangapi yana mawingu na ya aina gani. Ukifanya hivyo kwa miaka ishirini na tisa, huwezi tena kutazama anga kama watu wengine wanavyotazama.

Aliigusa bahasha, akaelewa. Hakupiga kelele. Alikwenda chumba cha nyuma, akasimama nyuma ya mumewe.

"Haya ndiyo mapya?"

"Ya moja kwa moja, mama watoto. Ya nje na ya ndani ni yaleyale."

Nje jua lilikuwa kali, nguo zimekauka kambani. Kwenye skrini palikuwa na mafungu matano ya mavundevunde, na kushoto mwa njia ya kurukia palisimama wingu lenye umbo la birika lisilo na kifuniko. Alilijua wingu lile. Lilikuwa palepale tangu mwaka jana, kabla mtu yeyote hajauziwa chochote. Alitazama mgongo wa mumewe, shingo aliyoinyoosha mbele kama kobe ili aone, akaweka mkono begani kwake.

"Mazuri," alisema. "Huyo aliyekuuzia atakuja lini tena?"

Alikuja Jumatatu, na kifurushi cha nne cha mawingu mdomoni.

"Shikamoo mama! Wewe ndiye shemeji yangu basi."

"Marahaba. Shemeji yako kwa upande upi?"

"Pande zote, mama."

Mama Utabiri alimwekea chai, kisha akamtazama kifuani. "Hilo shati limekosa kifungo. Livue."

"Aa, mama, haina shida."

"Nimesema livue."

Shemeji akakaa na fulana yake iliyotoboka huku mama yule akitunga uzi. Alikishona kifungo kwa uangalifu, akakata uzi kwa meno, akamrudishia shati likiwa limekunjwa. Hakuna mtu aliyemshonea kifungo tangu alipotoka kwao. Alikipapasa kile kifungo mara mbili. Lakini ni shati tu lililofungwa. Vidole vilibaki huru kabisa.

"Hivi, baba watoto," Mama Utabiri aliuliza, "mawingu unayoyataka hasa ni yapi?"

Kapteni hakufikiri hata kidogo. "Ya pale uwanjani kwetu. Ya asubuhi, kabla ndege ya kwanza haijaamka. Mtu akiniletea hayo yenyewe, nampa lile gari pale nje. Silitumii tena."

Shemeji aligeuka dirishani. Uani palikuwa na gari dogo limefunikwa turubai, tairi zimejaa upepo. Chai ikapoa mkononi mwake.

Wakati wa kumsindikiza, Mama Utabiri alimsimamisha karibu na geti. Chini ya khanga alikuwa ameficha albamu nene ya picha, iliyokaa sandukuni tangu walipohamia hapo, ya kurasa zile za gundi zilizofunikwa karatasi ya nailoni. Akaifungua kidogo. Yalikuwa mawingu. Wingu moja kwa kila ukurasa, na chini yake uwanja, mnara, na lori la mafuta dogo kama kiberiti.

"Nilipiga mwenyewe nikiwa kazini," alinong'ona. "Mume wangu siwezi kumuuzia, nitaonekanaje? Lakini wewe ni mtu wa biashara."

Shemeji alimtazama kwa heshima mpya, kama unavyomtazama mtu uliyedhani ni abiria kumbe ni dereva mwenzako. "Kwa hiyo mama unataka..."

"Nina mambo yangu. Wanaume hawaambiwi kila kitu."

"Mama, naona tumesoma shule moja."

"Inawezekana, mwanangu. Ila mimi nilitangulia."

Akataja bei. Ilikuwa ni ile iliyokuwemo kwenye bahasha, bila kupungua, lakini Shemeji hakuitambua, kwa kuwa alizipokea fedha kidogo kidogo na kuzitumia kwa furaha. Alijaribu kupunguza. Mama Utabiri akaanza kuifunga albamu polepole, kwa upole mwingi, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Kufikia jioni Shemeji alikuwa ameuza simu yake na viatu vyake vya ncha, amekopa kwa yule fundi aliyekanyagwa mguu, na albamu ikawa yake.

Jumanne asubuhi alifika amevaa kandambili na tabasamu.

"Kapteni! Nimehangaika, shemeji. Nimevuka mito. Lakini nimeyapata ya uwanja wenu." Akaiweka albamu mapajani mwa mzee, naye akakaa upande uliotazama gari.

Kapteni alipitisha vidole juu ya jalada. Akafungua, akakunja macho, akafungua zaidi. "Sioni vizuri. Hebu bandua hiyo ya kwanza, kijana. Nyuma pana maandishi?"

Shemeji hakuwa ametazama nyuma. Mfanyabiashara wa haraka hatazami nyuma, na mara nyingi hilo humsaidia. Akabandua.

"Soma," alisema Kapteni.

"Hapa..." Shemeji alikohoa. "Hapa pameandikwa, 'Kwa baba watoto.'"

"Endelea."

"'Kwa baba watoto. Wingu la leo saa moja kasorobo, siku uliyotimiza miaka thelathini na mbili. Mafungu matatu. Nilikuona ukitazama juu.'"

Kapteni alikuwa ameshika mkono wa kiti. "Bandua nyingine."

Ya pili ilikuwa kwa baba watoto. Ya tatu vilevile. Shemeji alisoma kwa sauti iliyozidi kupungua, mwaka baada ya mwaka, siku za kuzaliwa za mwanaume mwingine, hadi mzee akatoa kitambaa na kufuta macho.

"Hizi zilipotea tulipohamia hapa," alisema. "Nilimficha mama watoto kwamba ninazitafuta, nikidhani mimi ndiye niliyezitupa. Kijana, wewe ni mtu wa aina gani? Umezitoa wapi?"

Swali zuri. Shemeji alilitafutia jibu katika majibu yote aliyowahi kuyatoa maishani. Aseme alizinunua kwa mke wa mzee, ili amuuzie mzee? Mlangoni alisimama Mama Utabiri na sinia la chai, akimsikiliza kwa utulivu mkubwa.

"Niliziokota," alisema Shemeji.

"Mungu akubariki."

"Na lile gari, Kapteni?"

"Gari?" Kapteni alicheka kwa upendo. "Mwanangu, hizi ni zangu. Mtu aliyemrudishia mwenzake mali yake ukimlipa unamtukana. Siwezi kukutukana wewe."

"Hata kidogo," alisema Mama Utabiri. "Sukari vijiko vingapi?"

Mama Utabiri alimsindikiza tena mpaka getini.

"Unajua kuendesha?" aliuliza.

"Najua, mama."

"Alhamisi saa mbili kamili tunampeleka hospitali. Gari linahitaji dereva. Kuhusu mawingu yako yale matatu, mimi sijamwambia, na sioni sababu ya kumwambia. Usichelewe."

Angeweza kutokomea. Alishatokomea kutoka mitaa mizuri zaidi ya huo. Labda ilikuwa ni hofu, labda ni kile kifungo, na labda, tuwe wakweli, bado aliliota gari. Alhamisi saa mbili kasoro alikuwa uani akikunja turubai. Kwa hiyo aliupata usukani wake. Aliendesha taratibu, akikwepa mashimo, na nyuma Kapteni akimwelekeza namna ya kutua.

Lilipasuliwa jicho moja kwanza. Ijumaa walimrudisha akafunguliwe bandeji, kisha wakaja naye nyumbani, na hata khanga ya mkewe ilimsimamisha mlangoni. "Kumbe ina maua," alisema. Hakutaka kukaa sebuleni. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akawasha skrini zote tatu.

Mafungu matano ya mavundevunde. Birika lisilo na kifuniko, jeupe, limechongwa, kila ukingo mahali pake.

Kapteni alishika kichwa. "Mama watoto! Njoo uone! Yamekubali!" Akamgeukia Shemeji, jicho likimtiririka machozi. "Nisamehe, kijana. Moyoni nilikuwa nimeanza kukushuku."

Mama Utabiri alikuwa ameshika ufunguo wa gari, tayari kuutundika ukutani. Alimtazama Shemeji. Hakumsaidia wala hakumzuia.

Shemeji alisogea mbele ya skrini. "Kapteni," alisema, "sikukuuzia kitu. Haya ni yaleyale uliyokuwa nayo. Niliongeza buluu tu. Nilikuibia."

Kapteni alimpiga bega kwa furaha.

"Sikia anavyojishusha!" alimwambia mkewe. "Mafundi wazuri wote ndivyo walivyo. Kaa hapa, kijana. Kuna wenzangu wawili wastaafu wana mashine kama hii, na wote wanalalamikia mawingu. Nimeshawaambia wasubiri, unakwenda kwao kesho."

"Mzee, nasema kweli! Ni wezi tu wanaouza..."

"Kesho saa tatu," alisema Kapteni, ameshashika usukani, anapaa. "Na usiwafanyie bei rahisi. Watadhani ni feki."