Uwanja wa Kijani na Jani la Isale

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya aliyealikwa kupata udhuru, waheshimiwa madiwani, watumishi wa Mungu, Walutheri kwa Wakatoliki, mliobanana benchi moja kutokana na ufinyu wa bajeti, wazee wetu, shikamooni, wadau wa maendeleo kutoka Himo hadi Bomang'ombe, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Ndugu wananchi, mimi mtoto wa Lindi, Mratibu Mkuu, nilisimama papa hapa nikawatangazia Uwanja wa Ndege wa Kijani wa Mbugani, utakaozingatia sasteinabiliti, yaani uendelevu wa mazingira katika upangaji, upanguaji na upangaji upya wa miundombinu, wenye taa za sola, matangi ya maji ya mvua na jengo la abiria linalojipoza lenyewe kwa upepo wa Mlima, na leo naripoti kwa unyenyekevu mkubwa, ingawa ninastahili sifa, kwamba moshi wa injini umepungua kwa asilimia mia moja, kelele asilimia mia moja, na hakuna hata kwale mmoja aliyegongwa na ndege! (Sauti: "Hizo ndege ziko wapi?" Kicheko.) Swali zuri sana, liko kwenye mchakato.

Najua mna kinyongo. Tangu tulipopiga marufuku kukata majani humu ndani ya eneo la uwanja ili kulinda mradi, ng'ombe wenu wa kulishwa zizini kule juu migombani wamebaki mifupa, maziwa yamekata, na juzi mgambo walimkamata Bibi Yuditha, huyu hapa mbele, na mzigo wa majani kichwani. Sheria ni msumeno, mama! Ila naona anakuja na zawadi. Jamani, ukarimu huu! Ananipa jani bichi, nami nalipokea kwa mikono miwili, liwe nembo ya mradi. (Vigelegele. Akina mama wanakumbatiana.)

Mbona mnashangilia hivyo? Katibu wangu Sirili, mzaliwa wa hapa, ananinong'oneza kwamba hili ni isale, na kwa Wachagga mkosaji akikuletea isale ukalipokea, umeshamsamehe, na hakuna kurudi nyuma. Loo! Sirili, si ungesema mapema?

(Bibi Yuditha: "Umepokea, baba. Watu wote wameona.")

Haya, yameisha. Nimesamehe. Kuanzia leo kateni majani mpaka mchoke, ng'ombe nao wale washibe! (Vigelegele. Ngoma.)

Na kwa kuwa mila ni ya wote, Bibi Yuditha, shikamoo. Hebu na wewe pokea jani hili kutoka kwangu. Usiniulize, mama yangu, pokea tu. (Anasita. Anapokea.) Amepokea! Sirili, umeona? Baba Mchungaji, umeona? Uwanja wa Kijani, oyee! (Oyee!) Sasteinabiliti, oyee! (Oyee!) Basi asanteni sana, ndugu zangu, kwa moyo wenu wa kusamehe, maana huu mradi haukuwahi kuwepo, na kitu pekee cha kijani tulichokuwa tukikilinda humu ndani ni majani yenu.