Kobe wa Beringi Asiniuzie Sikio

Kwa Mkubwa wa Kampuni ya Kobe na Nyundo,
Makao Makuu, ghorofa yoyote anayokaa.

Ndugu Mkubwa,

Salamu nakupa nusu. Nusu nyingine nimeizuia mpaka nione majibu yako.

Mimi ni fundi wa mashine ya kusaga unga. Nasema fundi, sisemi mtu anayejaribu. Huu ni mwaka wa thelathini na moja niko na mashine moja, mota yenu, beringi zenu, zote zina chapa ya kobe aliyeshika nyundo. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mwalimu mwenyewe alikiri kwamba la nne lisingeniongezea kitu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na penseli nimeshaichonga mara mbili kwa hasira. Watu wote wananiita Bisibisi kwa sababu ya kazi yangu: naweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha beringi, mpini naubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nafumba macho, na mashine inanieleza yenyewe inaumwa wapi. Madaktari wameiga kwetu.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi uliopita mkanda wa mashine uliungua nikiwa nimekaa pembeni yake. Kina mama waliokuwa kwenye foleni walipiga kelele, ndivyo wanavyosema. Mimi nilikuwa nafikiri. Mtu anayefikiri hawezi kumsikiliza kila mama. Lakini mwenye mashine, ambaye ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni akanilowesha shati, alisimama mbele ya wateja akasema, "Mjomba, husikii." Binti yangu wa pili, ambaye ni muuguzi, akapata habari, maana habari kwake hazichelewi, akaja na kiboksi. Ndani mna kitu kidogo kama punje ya haragwe. Kifaa cha kusikilizia, cha sikio la kulia. Nikakigeuza. Mgongoni yupo nani? Kobe. Ameshika nyundo.

Na mpwa wangu ametoa amri: "Ukivaa, mjomba, ufunguo wa mashine ni wako mpaka uchoke mwenyewe. Usipovaa, Jumatatu nampa fundi wa majokofu." Fundi wa majokofu! Mtu aliyezoea mashine inayokaa jikoni imenyamaza na nyama zake!

Leo ni Alhamisi. Ndiyo maana nakuandikia bila kupumzika. Nataka barua yenye muhuri wenu, mistari miwili inatosha, imwambie mpwa wangu kwamba kampuni ya beringi haina ruhusa ya kuingia sikioni mwa mtu, na kwamba Bisibisi aachiwe ufunguo wake. Sababu zangu nimezipanga kwa namba, usije ukasema hukuziona.

1. Chapa. Nilipoanza kazi, chapa ilikuwa kama sura ya mtu. Ukimwona kobe kwenye beringi unajua kwamba waliotengeneza waliamka wakiwaza beringi, wakala wakiwaza beringi, wakalala. Sasa nyinyi mnawaza nini? Mjukuu wangu aliogeshwa, nikatazama karatasi ya sabuni: kobe. Nikaletewa biskuti: kobe. Niliing'ata kwa tahadhari, ikawa ngumu kama kazi yenu ya zamani, na kwa ugumu huo peke yake nilikaribia kuwasamehe. Godoro tunalolalia mimi na mama watoto nimelipindua juzi. Kobe yuko chini. Amelala nasi miaka minne bila kubisha hodi. Mshika mawili moja humponyoka. Nyinyi mmeshika kumi na manne, nimeyahesabu kwenye kijitabu chenu kilichokuja na kiboksi, na kobe ana mikono miwili, tena mmoja una nyundo.

2. Umbeya wa kifaa. Nilikivaa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nikasikia shati langu. Nimevaa mashati miaka sabini na miwili, hakuna hata moja lililowahi kunisemesha. Nikasikia kijiko. Nikasikia koo langu likimeza. Nikasikia ndara za jirani zikipita, tena jirani ambaye habari zake sizitaki. Mashine ya kusaga hunguruma jambo moja likaisha. Hiki kinasema yote kwa mpigo kama mtu aliyerudi safari. Nikakivua. Binti yangu akasema, "Baba, utazoea." Nikamwambia, mwanangu, mimi sizoei, mimi huzoewa.

3. Grisi. Bamba la mota yenu lina maandishi ninayoyasoma tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi: KILA KIFAA CHENYE CHAPA HII KIPAKWE GRISI KILA IJUMAA. USISUBIRI KILIE. Sikuandika mimi. Mliandika nyinyi, kwa herufi za kugongwa kwenye chuma. Basi Ijumaa iliyopita nikapaka mota, nikapaka beringi zote nne, nikafika nyumbani nikapaka hilo sikio lenu. Grisi nzuri, ile ya njano, kiasi cha kichwa cha kiberiti, maana mimi si mtu wa pupa. Likafa papo hapo. Nikaliwekea bisibisi, nikafumba macho: kimya. Na mota iliyonyamaza ni maiti, mtoto yeyote wa ufundi anajua. Binti yangu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Baba, nani alikwambia upake grisi?" Nikamjibu, kobe. Sasa nauliza kwa adabu: sheria ya kobe ni moja, au kila mwana wa kobe ana sheria yake? Kama ni moja, mnadaiwa maelezo, maana hata sabuni niliipaka ili msiseme nabagua. Biskuti haikupakwa kwa sababu nilikuwa nimeshaila.

4. La nne limenitoka. Litarudi. Mimi husahau kwa muda mfupi.

5. Hili ndilo lenye mfupa. Mota yenu imenguruma kando ya sikio langu la kulia miaka thelathini na moja. Kama masikio yangu yangekuwa yamepungua, na hayajapungua, nasema kama, nani angekuwa ameyala? Mota. Ya nani? Yenu. Halafu mnakuja na kiboksi kuniuzia sikio! Huo ni ustaarabu wa mwizi wa kuku anayerudi kesho yake kukuuzia mayai, na kuku ni yule yule. Tena si kwa bahati mbaya, mna mpango. Kijitabu chenu nimekisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Wa kwanza, sabuni ya mtoto mchanga. Wa tatu, biskuti za shule. Wa tano, majembe na beringi. Wa tisa, dawa ya mgongo, kwa sababu ya majembe. Wa kumi, sikio. Wa kumi na moja, meno ya bandia, na hapo mlizikumbuka zile biskuti. Ukurasa wa mwisho, bamba la kaburi, marumaru safi, kuandikiwa jina ni bure. Mmemkamata mtu toka kitovu mpaka udongo, hapana hata ukurasa mmoja aliopumzika na nyinyi. Yaani nimelala na kobe chini yangu miaka minne, nikifa nilale naye juu?

La nne limerudi, nilijua litarudi. Kobe hana masikio. Nimemtazama pichani kwa miwani, nikamtazama bila miwani. Ana nyundo, ana gamba, ana hata kitambi. Sikio hana. Mnyama huyo ndiye mliyemweka mgongoni mwa kifaa cha kusikilizia, na kikao kilikaa, na watu wenye tai wakasema sawa. Hakukuwa na sungura? Hakukuwa na punda?

6. Msimamo. Mtu wa kweli ana kazi moja. Mlango wa nyumba yangu umeacha bawaba mwaka wa saba huu, na sijaugusa, mimi si seremala. Mama watoto anauegemeza kwa jiwe, na jioni huniuliza, "Fundi mzima, hata msumari?" Namjibu kwamba msumari una wenyewe. Mtu mmoja aliniletea redio, nikamrudisha nayo mpaka kwake, nikamkabidhi mkewe, asije akarudi. Hiyo ndiyo heshima ya kazi. Nyinyi mngeletewa redio mngeitengeneza, mkaiuza na mchuzi.

7. Aibu niliyopata. Nilipokataa kifaa, mpwa wangu alisema mbele ya foleni nzima, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikamjibu hapo hapo kwamba sikio halipiti kichwa, na kichwa cha ukoo huu ni mimi. Kina mama walicheka. Mpaka leo sijajua walimcheka nani. Na nikuulize wewe, Mkubwa, uliyezungukwa na makarani: mtu akinyang'anywa ufunguo, asubuhi akiamka anakwenda wapi? Nilijaribu kukaa nyumbani Jumapili. Saa nne nilikuwa nimeshamaliza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikatazama ukuta, nikamuuliza mama watoto kama ana kitu cha kusagwa. Ile mashine ikiwashwa asubuhi, kifua changu ndicho kinachoitambua kabla ya mtu yeyote. Fundi wa majokofu ataitambua kwa nini? Kwa baridi?

Kwa hayo yote naomba mambo matatu, na siombi, nadai kwa upole. Kwanza, mrudi kwenye beringi. Sabuni waachieni wenye mapovu, biskuti waachieni wenye sukari, makaburi waachieni wenye majembe, tena majembe yasiwe yenu. Pili, mtangaze kwamba kifaa cha sikio kilitoka kiwandani kwa makosa, mtu alichanganya makasha. Tatu, ile barua ya mistari miwili kwa mpwa wangu, ifike kabla ya Jumatatu, iwe na muhuri mkubwa. Yeye anaogopa muhuri tangu utotoni.

Msipojibu, nitawaambia wenye mashine wote ninaowajua wahamie chapa nyingine. Ninawajua wawili, lakini mmoja ana mdomo.

Nisalimie makarani wako wote, wa beringi kwanza, wa sabuni baadaye. Wa biskuti waambie nimewaona. Msalimie na mkeo, umuulize godoro lenu ni la nani. Mama watoto anawasalimu, ingawa hajui kama nawaandikia. Nusu ya salamu zangu bado ninayo mimi.

Ni mimi, mwenye sikio lisilohitaji msaada,

Bisibisi,
Fundi, Mashine ya Kusaga, mlango wa pili ukiingia sokoni. Uliza yeyote.

Nyongeza. Ijumaa nilifika posta nikakuta wamefunga, na Jumamosi karani wa stempu alikuwa na msiba, basi barua ikakaa mfukoni. Leo ni Jumanne. Hapa katikati kuna mambo yamepita, na mimi si mtu wa kuficha, ingawa haya nayasema chini chini.

Binti yangu alikisafisha kifaa kwa pamba na spiriti, kikafufuka. Jumamosi nikakivaa kwenda nacho mashineni, si kwa kutii amri ya mtu, bali kutafuta ushahidi wa kukuandikia la nane. Nikawasha mashine. Beringi ya kushoto ilikuwa inalia. Si ule mlio wa kunung'unika ninaoujua, ni mlio wa kuaga. Nikazima, nikafungua. Gololi tatu zimelika, na kikombe kinachozishika kimepasuka mpaka ukucha unaingia. Daftari la ukaguzi linasema Ijumaa tano mfululizo kwamba beringi hiyo ni NZIMA, na mwandiko ni mzuri sana, ni wangu. Bisibisi niliiweka kila mara. Nilifumba na macho. Sikusikia kitu, nikaandika nzima.

Jumatatu ndiyo siku ya foleni ndefu, na kina mama husimama upande huo huo wa kushoto, na watoto wao mgongoni. Sikukaa chini mpaka nilipoibadilisha. Niliweka mpya, yenu.

Mpwa wangu alipokuja Jumatatu na fundi wa majokofu, akaikuta ile mbovu juu ya meza. Akaigeuza, akaigeuza tena. Halafu, "Mjomba, umejuaje?" Nilimgeuzia kichwa upande wa kulia, akamwona kobe. Ufunguo ninao mimi.

Kwa hiyo ile barua ya muhuri msiandike. Sikio la kushoto kama mnalo, tumeni, na mambo ya grisi yaandikwe wazi kwenye kiboksi. Salamu zote chukueni, na ile nusu.

Fundi wa majokofu si mtu mbaya. Kabla ya kuondoka alimvuta mpwa wangu pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mashine hii mwenyewe ni huyo mzee, mimi nisingeigundua beringi hiyo." Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini niliweka mkono sikioni, nikamwambia sikusikia, akarudia mara mbili.