Mkwe wa Matope

Jumamosi, 13 Aprili 1996
Leo mchezo wa kuigiza kanisani! Ameutunga Agustina, mama wa kwaya. Ana akili huyu, karibu kama yangu. Jukwaani mjinga mmoja anamtuma mgeni aliyejifunika blanketi akakamue ng'ombe. Kumbe ni mkwe wake, baba wa kijana anayemposa binti yake! Sisi wote tumemwona akijifunika kwa sababu ya mvua. Mjinga peke yake hajui. Hapo ndipo utamu! Kila akimfokea, tunashika mbavu. Nikasimama nikapiga kelele: wewe, huyo ni mkwe! Hakusikia. Agustina akaniomba nikae. Fundi kabisa yule mama.

Jumapili, 14 Aprili
Kesho mkwe wangu mwenyewe anakuja kutoka Natta. Simioni. Sijawahi kumwona, ila sifa za ng'ombe zake zimefika mpaka huku Nyanungu. Akituridhia, Irine wangu ameolewa. Akichukia, jirani Nikodemo naye ana binti, na anamvizia Simioni njiani. Lakini mimi Waitara nina mpango! Tangu dhahabu ionekane hapa, kila mtu ni matope mpaka masikioni. Mwenye ng'ombe atakuja na viatu safi. Nitamjua kwa viatu! Nikodemo hana akili hiyo.

Jumatatu, 15 Aprili
Mvua. Asubuhi kafika mzee mmoja, tope kuanzia kofia. Eti gari limekwama, wamelisukuma. Wachimbaji hawa kwa uongo! Akauliza hapa ndipo kwa baba Irine. Nikasema ndipo, shimo liko nyuma, kabebe mawe. Akanitazama sana. Akabeba.
Mchana akaja bwana viatu vinang'aa, na begi kubwa. Zawadi! Sikumpa mkono, kwetu mkwe hashikwi mkono. Nikamchinjia mbuzi. Nikimwita mkwe, anaitika. Kala maini yote, akasema uko sawa sana, mzee, karibu Sirari. Irine akaja kuninong'oneza kitu, nikamfukuza: usituharibie! Akaenda kumpelekea mbeba mawe maji ya kuoga, uji, na shuka langu jipya. Binti hana macho.

Jumanne, 16 Aprili
Balaa! Yule bwana ni mchuuzi wa viatu kutoka Sirari. Akikaribia mlango wa mtu anavaa jozi mpya kutoka kwenye begi. Mkwe ni mbeba mawe! Irine alimjua tangu jana asubuhi. Nikamuuliza kwa ujanja gani. Eti alimuuliza jina. Nani angewaza hilo?
Simioni kasema mbele ya Nikodemo: baba huyu sijui nimfanyeje, lakini binti aliyeniheshimu nikiwa tope, namtaka nyumbani kwangu. Ng'ombe zinakuja! Nikodemo kanuna. Mpango wangu haujawahi kushindwa.

Jumamosi, 20 Aprili
Mchezo mpya wa Agustina. Umeupita wa kwanza! Mzee mpumbavu anambebesha mkwe mawe, mbuzi anamchinjia muuza viatu. Sisi wote tunajua, yeye hajui. Nimecheka mpaka machozi. Nikasimama: mpumbavu wewe, muulize jina! Kanisa zima likageuka kunitazama mimi, wakacheka mpaka benchi moja likaanguka. Nina kipaji.
Nikamuuliza Agustina wapumbavu wa namna hii anawatoa wapi. Akasema shikamoo baba, wewe endelea kuishi tu.
Mama mwenye heshima sana.